Nimemlipa fundi wa masta dola 50, wimbo umerudi na sauti ndogo kuliko wa prodyuza wangu. Nimepigwa?

#1 Katibu wa Bendi
Wakuu salaam.

Tuna bendi ya dansi hapa Morogoro, watu tisa, tarumbeta mbili, tumba na kila kitu. Tumerekodi nyimbo sita kwa prodyuza wetu wa Kihonda. Bei yake ni moja: kurekodi, kumiksi (kuunganisha sauti zote) na kumasta (kuupa wimbo mkono wa mwisho kabla haujatoka), vyote humo humo. Mpiga solo wetu, ambaye analala YouTube na kuamkia YouTube, akasema hapana, masta apewe mtu mwingine ambaye masikio yake hayajauzoea wimbo. Tukachanga. Tukampata fundi yuko Ujerumani, dola 50 kwa wimbo mmoja wa majaribio. Ukijumlisha makato ya kadi ni laki na thelathini na ushee.

Umerudi baada ya siku tatu. Jana tumeuchomeka kwenye bajaji ya jirani, flashi moja, wa prodyuza kwanza halafu wa Mjerumani. Wa prodyuza unagonga mpaka kioo cha mbele kinatetemeka. Wa Mjerumani umeingia kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya msiba. Dereva akauliza kama flashi imeingia maji.

Sasa bendi nzima inaniangalia mimi maana hela ilipitia kwenye simu yangu. Nimepigwa, au ndiyo kumasta kwenyewe?

#2 Sabufa Nyekundu
Umepigwa. Mods fungeni uzi.

#3 LadyMsamvu
Ngoja wajuzi waje. Nimetandika mkeka, karanga zipo.

#4 Kitasa
Mkuu, kabla ya kulia pima kwanza. Sikio likipewa sauti mbili za kitu kilekile, ile kubwa kidogo ndiyo linaiona tamu, hata tofauti ikiwa desibeli moja. Wauza redio wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana ukienda dukani ile wanayotaka uinunue wameipandisha kidogo.

Fanya hivi. Ziweke nyimbo zote mbili kwenye programu yoyote ya kuhariri, shusha wa prodyuza mpaka ulingane na wa Mjerumani, ndipo usikilize. Usisikilize besi. Sikiliza tumba na pumzi za mwimbaji. Halafu tuletee na namba, vipimo vya LUFS vya bure viko tele.

#5 Katibu wa Bendi
Wa prodyuza umesoma -7. Wa Mjerumani -13. Sijui ndiyo nini lakini nimeleta.

#6 Kitasa
LUFS inapima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia kwa wimbo mzima, haiangalii kilele cha sekunde moja. Msingi wake ni kanuni ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ya mwaka 2006, waliitunga kwa ajili ya watangazaji. Namba ikisogelea sifuri, wimbo unapiga kelele zaidi. Kwa hiyo prodyuza wako amemzidi Mjerumani desibeli 6, na hiyo si tofauti ndogo.

Lakini ukiupeleka Spotify, ule mtandao wa kusikilizia muziki, wao wanasawazisha kwenye -14. Wa prodyuza unashushwa 7, wa Mjerumani unashushwa 1, zinakutana mlangoni. Hapo ndipo utaona nani alifanya kazi, maana ule wa prodyuza kelele zake zimeondoka na umebaki na ubanaji wake, yaani sauti ndogo na kubwa zimesukumwa mpaka zinakaribia kulingana. Fungua faili utazame mawimbi kwenye skrini. Naweka dau yamekuwa tofali, hakuna milima wala mabonde.

#7 Pweza Mchangani
Nyongeza kidogo. Na YouTube na Apple Music nao ni -14. Kwa hiyo sheria ni -14, anayezidisha anajisumbua bure.

#8 Fundi Mitambo
Pweza, umechanganya madumu ya maji na ya mafuta. Apple wanasawazisha kwenye -16. YouTube ni kweli -14 ila wao wanashusha tu, hawapandishi; ukipeleka wimbo wa -18 utabaki na udogo wako. Spotify ndio wanashusha na kupandisha, na msikilizaji mwenyewe anaweza kuchagua -11 au -19 kwenye mipangilio, au akazima kabisa.

Na hakuna sheria. Hiyo -14 ni mahali wao wanapouweka wimbo wakati wa kucheza, hawajasema ufike hapo ukiwa hivyo. Mafundi wengi wakubwa wanatoa nyimbo za -9 au -8 na wanalala usingizi.

#9 Pweza Mchangani
Nimesahihishwa, asante.

#10 Sabufa Nyekundu
Sasa naomba niulize kwa sauti ya -7: nani anasikiliza Spotify kwenye bajaji? Imefika Tanzania na Kenya Februari 2021, mpaka leo mtaani kwangu mwenye nayo ni mmoja, na anatumia ya bure. Muziki wetu unatembea kwa flashi na WhatsApp. Flashi haishushi wala haipandishi. DJ wa kigodoro hana LUFS, ana kidole. Wimbo ukiingia mdogo, kidole kinaruka kwenda wa pili na mwenye shughuli hajui hata kama ulikuwepo.

Natengeneza singeli mwaka wa sita huu. Biti mia mbili na zaidi kwa dakika, sauti imebanwa mpaka inalia. Kupeleka singeli kwa Mjerumani ni kumpeleka ng'ombe kwa kinyozi.

#11 LadyMsamvu
Ng'ombe kwa kinyozi 😂😂 Sabufa ungekuwa mwandishi wa vichwa vya habari.

#12 Kitasa
Sabufa hoja yako naikubali nusu. Kama bajaji ndiyo soko, fundi alitakiwa aambiwe hivyo. Katibu, ulimtumia wimbo wa mfano? Yaani wimbo wa watu wengine ambao mnataka wenu usimame pembeni yake bila aibu? Fundi wa Ujerumani ukimpa tarumbeta na tumba na usimwambie neno, atadhani ni jazi ya kusikiliza umekaa sofani, atakuachia hewa. Huyo hajakosea, amekosa maelekezo.

#13 Katibu wa Bendi
Sikutuma mfano. Nilimwandikia "make it good please".

#14 Mwanakwaya254
Hamjambo wenzangu wa TZ. Mimi ni wa kwaya, Nakuru. Acha niwaeleze yetu, maana mnabishana juu ya ukubwa wa sauti pekee.

Tulirekodi nyimbo nane. Prodyuza alikuwa na plagini fulani, programu ndogo ya nyongeza, ya kupanua kinanda, ukivaa hedifoni unasikia kinanda kimekuzunguka kama nyuki. Kila mtu alifurahi. Tukampelekea fundi wa masta Nairobi, elfu tano kila wimbo. Siku ya pili akapiga simu, akasema hatafanya, turudishe kwa prodyuza. Mwenyekiti wetu alikasirika sana, akasema huyu anataka kutuongezea bei.

Tukaenda kwake. Akabonyeza kitufe kimoja, spika ya kushoto na ya kulia zikawa moja. Kinanda kikapotea. Si kupungua, kupotea. Ukabaki mwimbaji, ngoma na kitu kama upepo. Akatuuliza, spika za kanisani kwenu zimefungwa vipi? Tukajua hapo hapo. Zote zinapata waya mmoja. Kushoto na kulia zinajumlishwa, na ile plagini ilikuwa imegeuza upande mmoja kinyume cha mwingine, kwa hivyo zikikutana zinakulana.

Prodyuza aliitoa ile plagini kwa dakika kumi. Hiyo elfu tano, kwangu mimi, ililipia ile simu. Mengine yote aliyofanya baadaye sikuyasikia tofauti sana, na nasema ukweli.

#15 Katibu wa Bendi
Aisee. Kwetu pia kinanda kimepanuliwa. Kesho naenda kujaribu.

#16 Mzee wa Rili
Vijana, nimewasoma. Mnalifanya hili jambo kama lilizaliwa na kompyuta.

Miaka ya sabini nilikuwa nasindikiza kaka yangu, mpiga besi, pale studio za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, siku hizi Nyerere. Bendi inaingia nzima, mnapiga pamoja, inakwenda kwenye rili, yaani mkanda wa kurekodia. Mpiga tarumbeta sauti ikizidi anaambiwa arudi nyuma hatua mbili, hiyo ndiyo ilikuwa miksi. Rili inapanda hewani. Hakuna aliyesema masta.

Masta ilikuwa pale wimbo unapotakiwa uwe santuri, na santuri zetu zilitoka Nairobi. Huko kulikuwa na mtu wa mashine ya kuchonga. Mchoro wa santuri una mipaka yake. Besi ikiwa kubwa mno, au ikaegemea upande mmoja, sindano inaruka nje ya mfereji. Herufi "s" za mwimbaji zikiwa kali, zinakwaruza. Na ukitaka sauti kubwa, mifereji inahitaji nafasi pana, kwa hiyo dakika zinapungua. Yule mtu kazi yake ilikuwa kuhakikisha wimbo unaingia kwenye chombo na unatoka mzima. Utamu lilikuwa jambo la wapigaji.

Kwa hiyo swali kwa Katibu ni chombo gani. Kama chombo chako ni bajaji, basi bajaji ndiyo santuri yako, mchongaji ahangaike nayo. Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa dansi wa Morogoro, zake za Nairobi mpaka alipofariki 1978 zilichongwa kwa ajili ya gramafoni za watu, wala si kwa ajili ya masikio ya fundi.

#17 Mtoto wa Mji Kasoro Bahari
Shikamoo mzee. Marekebisho tu, sisi wa Moro hatuwezi kuliacha lipite: Mbaraka alifariki Januari 1979, ajali ya gari, Mombasa.

#18 Mzee wa Rili
Marahaba. Ni 1979, uko sahihi. Kumbukumbu nayo inahitaji masta.

#19 Chumba cha Godoro
Mimi ni prodyuza, naona tunasemwa bila wakili, niseme.

Mteja anakuja na elfu 80 ya wimbo mzima. Humo kuna biti, kurekodi, kumiksi, na soda ya rafiki zake wanne. Nikimwambia atenge ya masta kwa mtu mwingine anahamia studio ya jirani. Kwa hiyo naweka limita, kile kifaa cha kuzuia sauti isipite kiwango, nasukuma mpaka anatabasamu, anaondoka. Nikimpa wimbo wenye hewa atarudi kesho kama Katibu, anasema bajaji imekataa.

Ila nikiri kitu. Sababu ya kumpa mtu mwingine si mashine zake, zangu karibu ni zilezile. Ni chumba. Changu ni futi kumi kwa kumi, kuta nimebandika magodoro. Magodoro yanameza sauti kali, besi yanaiachia ipite na kurudi. Kwenye kiti changu kuna noti moja ya besi inavuma kama jenereta, nikisogea nyuma hatua moja haipo. Kwa hiyo kila wimbo nautoa nikiwa nimeipunguza ile noti, na kila wimbo wangu ukifika nje una tundu mahali palepale. Niligundua baada ya miaka mitatu, aliyeniambia ni DJ mmoja wa harusi. Sasa nikimasta mwenyewe kwenye chumba hichohicho naongeza tundu juu ya tundu.

Na Katibu, kwako nahisi tatizo ni mpangilio. Tarumbeta mbili, solo, kinanda, vyote vinagombea sehemu moja ya katikati. Hakuna fundi wa masta atakayewatenganisha, yeye amepewa ugali umeshaiva.

#20 Sabufa Nyekundu
Huyu prodyuza namkubali. Ila soda ya rafiki zake ilipe wewe.

#21 Dodoma Kavu
Mimi nilipigwa kweli, siyo kwa kuhisi. Nilimpata "fundi" kwenye soko moja la mtandaoni, dola 15, maoni mazuri mia na kitu. Wimbo ulirudi baada ya dakika 20. Nikatilia shaka. Nikamtumia wimbo uleule kwa akaunti ya mdogo wangu, jina jingine. Ukarudi. Nikaziweka mbili pamoja, moja nikaigeuza kinyume ili zikifanana zikulane, nikacheza kwa pamoja. Kimya. Kimya kabisa, kama umezima umeme. Maana yake zilikuwa zinafanana mpaka nukta ya mwisho. Jamaa alikuwa anaburuta faili kwenye programu, programu inafanya, yeye anachukua hela.

#22 Fundi Mitambo
Dodoma, jaribio zuri, ila hitimisho lina mwanya. Hata fundi mwaminifu akitumia vifaa vya kompyuta tu, akakuta wimbo uleule na akafungua kazi ileile, utapata kimya hichohicho. Kimya kinaonyesha ametumia mipangilio ileile. Hakionyeshi kama kuna mtu aliyesikiliza kabla ya kuichagua.

#23 Dodoma Kavu
Dakika 20 mkuu. Wimbo wenyewe una dakika tano.

#24 Fundi Mitambo
Hapo sina jibu 😂

#25 Pweza Mchangani
Kama ni programu, si mtu aende mwenyewe? LANDR wapo tangu 2014, unapakia wimbo, mashine inamasta. Nimetumia kwa demo, haikuniangusha. Na kama mtu anataka jina kubwa, hata Abbey Road wanapokea faili kwa mtandao kutoka kwa yeyote mwenye hela.

#26 Mwanakwaya254
Mashine haingetupigia simu juu ya kinanda. Ingefanya tu na kutushukuru.

#27 Fundi Mitambo
Nirudi kwa Katibu. Maswali yote tumeuliza ila moja. Mjerumani ulimtumia faili gani?

#28 LadyMsamvu
Katibu? Naona jina lako liko hewani hapo chini.

#29 Katibu wa Bendi
Nilituma ile prodyuza aliyonipa.

#30 Fundi Mitambo
Kwa njia gani, na inaishia na herufi gani?

#31 Katibu wa Bendi
Alinirushia WhatsApp. MP3.

Halafu niseme yote. Nimerudi kwenye barua pepe sasa hivi. Siku ya kwanza Mjerumani aliandika barua ndefu, nikaona maneno WAV, 24, limiter, nikadhani ni matangazo ya huduma zake nyingine. Nikamjibu "ok thank you". Naona alikuwa ananiomba faili nyingine.

#32 LadyMsamvu
😂😂😂 Karanga zimenipalia.

#33 Sabufa Nyekundu
Nafuta kauli yangu ya #2. Hujapigwa, umejipiga.

#34 Kitasa
Basi mengi yanaeleweka. Alipokea tofali lililokwisha kubanwa, tena la MP3, faili lililopunguzwa ubora. Hawezi kulipandisha zaidi bila kulipasua, akaona heri alishushe na kulainisha kingo. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo, au ningegoma kama yule wa Nairobi.

Mwombe prodyuza afungue kazi, azime limita ya mwisho, atoe WAV (faili kamili lisilopunguzwa) ya biti 24 kwa kiwango kilekile alichorekodia. Aipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni, utume kiungo. WhatsApp iache ipumzike. Barua ya maelekezo iwe fupi: mnapigia watu gani, wimbo utachezwa kwenye nini, mfano ni upi.

#35 Pweza Mchangani
Na kilele cha sauti kiwe desibeli -6, hiyo ni lazima.

#36 Kitasa
Si lazima, Pweza. Kwa biti 24 hata kikiwa -3 au -10 ni sawa, fundi anarekebisha mwenyewe. Kisiguse taa nyekundu tu.

#37 Pweza Mchangani
Leo siyo siku yangu.

#38 Fundi Mitambo
Na kwa wanaotaka redio: mimi nipo upande wa kurushia matangazo. Kati ya studio na mnara kuna mashine, Optimod na ndugu zake, inayobana na kupandisha kila kinachopita, hadi taarifa ya habari. Wimbo wenye hewa ukipita unatoka umejaa. Tofali likipita linabanwa mara ya pili, linatoka limekauka na lina mafua. Watu wanatuletea nyimbo za -6 wakidhani watawafunika wengine.

#39 Sabufa Nyekundu
Mbona zangu redioni zinagonga?

#40 Fundi Mitambo
Zinagonga kwako.

#41 Katibu wa Bendi
Wakuu, wiki mbili zimepita, nilete mrejesho.

Prodyuza alinuna kidogo, halafu akatoa WAV. Tulimwekea spika moja tukasikiliza, kinanda kilishuka ila hakikupotea, akakirudisha ndani kidogo hata hivyo. Mjerumani hakuomba hela nyingine, alisema marekebisho mawili yamo kwenye ile dola 50. Nilimweleza kuhusu bajaji. Akauliza bajaji ni nini, nikamtumia picha. Umerudi -9.

Nimeulinganisha kwa usawa kama Kitasa alivyosema. Kwenye 2:14, waimbaji wakinyamaza, mpiga tumba anapiga kofi moja la pembeni halafu anaburuta kiganja kwenye ngozi. Kile kiganja sikuwa nimewahi kukisikia tangu tumerekodi. Kwenye wa prodyuza hakipo, pale pana sahani ya drums tu.

Ila bendi imegawanyika. Mpiga solo na mpiga tumba wanataka wa Mjerumani. Mpiga drums na mwimbaji wanataka wa prodyuza, wanasema ule mwingine umevaa tai. Dereva wa bajaji amesema wowote uko sawa, tatizo ni kwamba wimbo wenyewe haujui. Nyimbo tano zilizobaki ni dola 250 na mfuko una laki mbili.

#42 Chumba cha Godoro
Kama mnazitoa sita pamoja zipite mkono mmoja, wa yeyote yule. Msichanganye mbili huku nne kule, mtu akizisikiliza mfululizo atakuwa na kazi ya kupandisha na kushusha.

#43 Sabufa Nyekundu
Katibu nitafute inbox. Toleo la bajaji, elfu 20 kwa wimbo, kioo kinatoka.

#44 Mzee wa Rili
Mpeni pole mpiga tumba. Amepiga kofi lile miezi, ndiyo linasikika leo.

#45 LadyMsamvu
Haya, tumechoka na namba. Mnapiga wapi tuje kusikia hicho kiganja?

#46 Katibu wa Bendi
Jumamosi hii, Msamvu kwenu, kiingilio elfu tano. Spika tumekodi mbili, moja mwenyewe amesema ina shida ya waya.

#47 Mwanakwaya254
Kinanda kiombeeni.